Kibati Nambari Kumi na Saba

Sehemu ya Tisa: Kidole cha Fondo

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: tulimwacha Jedida kizingitini mwa ofisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufunguo mkononi, macho ukutani, miguu imekataa kumtii.

Kibati nambari kumi na saba kilikuwa kimerudi kwenye msumari wake, upande wa KAZINI.

Na kilikuwa kinachuruzika maji.

Tone moja likaanguka sakafuni. Likafuata la pili. Jedida akachutama, akaligusa kwa ncha ya kidole, akakipeleka kidole ulimini. Maji ya chumvi.

"Yesu wangu," akasema.

Fondo, mwenye kibati hicho, alikuwa na wiki tatu kaburini, kwao Kakuyuni.

Msidhani Jedida ni mwanamke wa kuogopa kivuli chake. Miaka minane ametunza ofisi ya mabwawa haya ya chumvi, hapa Marereni, yeye mtu wa Nyamira asiye na shangazi wala binamu pwani nzima, na aliwahi kumfukuza mwizi kwa rula. Lakini juzi alikikuta kibati hiki kimehama. Jana akakikuta kimehama tena. Jana hiyo hiyo jioni akakitoa ubaoni, akakitia kwenye bahasha pamoja na fyuzi ya pampu ya bwawa la nne, ile iliyomuua Fondo, akaifungia bahasha ndani ya droo. Ufunguo wa droo alilala nao shingoni.

Akaiendea droo. Imefungwa. Akaifungua. Bahasha ipo, fyuzi imo. Kibati hakimo.

Ubao wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Mbao mbili, misumari safu mbili. Kushoto pameandikwa NJE, kulia KAZINI. Kila mfanyakazi ana kibati chake chenye nambari. Akifika asubuhi anakitoa kushoto, anakitundika kulia. Ikigonga saa moja, nyapara anaufunga upande wa kushoto kwa mlango wa wavu na kufuli. Ukichelewa dakika moja, kibati chako kimefungiwa ndani, nawe unarudi ulikotoka.

Miaka sita Fondo hakufungiwa wavu hata siku moja.

Nyuma yake Jedida akasikia mtu anakohoa. Alikuwa Ziro, nyapara, kofia mkononi. Alipoona ubao akaacha kukohoa.

"Kimerudi," akasema.

"Nyapara, niambie ukweli. Ni wewe?"

Ziro akaonyesha nje kwa kofia yake. "Watu wamekaa chini huko nje, Bi Jedida. Hawaingii bwawani. Wanasema watafanyaje kazi na maiti?"

"Fondo amezikwa!"

"Amezikwa, lakini hajaachiliwa."

Jedida alijua vizuri Ziro anasema nini. Pale mabwawani walikuwa na desturi yao. Mfanyakazi akifa, mwenye kazi hukitoa kibati chake kwa mkono wake, akampa mke au mzazi mbele ya wenzake wote, akasema, "Huyu alikuwa mtu wangu. Kazi yake imekwisha. Mpokeeni." Alifanyiwa hivyo marehemu aliyekufa kwa malaria. Akafanyiwa pia yule aliyekufa kwa kifua. Wote wawili waliugulia kwao, na tajiri aliyasema maneno yale bila kusitasita.

Fondo alifia kazini, kwa umeme. Safari hii tajiri alikataa.

* * *

Tajiri mwenyewe akaingia saa mbili. Bwana Nahashon wa Rabai, mtu wa suti na kanisa, mwenye kujivunia kwamba babu yake alisoma Biblia kabla pwani haijawa na barabara. Mizimu alikuwa akiipinga kwa mahubiri. Lakini alipoona kibati, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Nani ameweka hicho?"

"Kitoe, Ziro."

"Mzee, nitume kokote. Hapo sithubutu."

"Jedida!"

Jedida akatikisa kichwa. Basi Bwana Nahashon akanyoosha mkono yeye. Mkono ukafika nusu ya safari, ukasimama, ukarudi mfukoni kutafuta leso. Akajipangusa uso.

"Haya, sikilizeni. Saa nne anakuja afisa wa leba kutoka Malindi, Bi Kavata. Anakuja kuamua jambo moja tu, kama Fondo alikuwa mfanyakazi wangu au alikuwa mkandarasi wa kujitegemea. Akiwa mfanyakazi, basi kifo chake ni juu yangu, na fidia ni juu yangu, na sisi hapa ni biashara ndogo, tutafunga, na nyote mtakula mchanga. Akiwa mkandarasi, alijileta mwenyewe na ajali yake. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, Mzee."

"Ubao huu ufunikeni. Mkandarasi hatundiki kibati. Na lile daftari la mahudhurio, Jedida, lichome."

"Nilichome?"

"Mkandarasi hatii sahihi asubuhi na jioni. Lichome, binti yangu. Nawe jina lako liko kwenye ule mkataba, usisahau. Shahidi ni wewe."

Angesahau vipi? Wiki tatu halali.

Tukumbushane, maana hapa ndipo donda lilipo. Siku ile ya ajali, kabla polisi hawajaitwa, Bwana Nahashon alimshika Jedida mkono, akampeleka chumba cha pampu. Fondo alikuwa chali sakafuni, gambuti moja imemtoka mguuni. "Ameshakufa, maskini," Mzee alisema. Kisha akatoa karatasi, na kijaluba cha wino. Mkataba wa mkandarasi wa kujitegemea, umeandikwa tarehe mosi Juni, mwezi mzima kabla. Wenzake wote walikuwa wamewekeshwa vidole kwenye mikataba kama huo wiki hiyo. Wa Fondo ulikuwa haujafikiwa.

"Mke wake hatajua. Weka kidole."

Na Jedida, mwenye watoto wawili shuleni na kazi ambayo hawezi kuipata kwingine, akakishika kidole gumba cha Fondo, akakichovya, akakibandika. Kisha akatia sahihi yake kama shahidi.

Sasa Jedida akalichukua daftari la mahudhurio. Kibiriti kilikuwa jikoni. Akalitazama lile daftari, akatazama nje wanaume thelathini waliokaa chini kimya. Akalisukumia ndani ya mkoba wake, chini ya kanga. Kwa nini? Hakujua. Alijua tu kwamba mkono wake umekataa kuwasha moto.

Ubao wakaufunika kwa kitambaa cha meza, chenye maua.

* * *

Bi Kavata akafika saa nne kamili. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani na sauti ya mwalimu aliyezoea kudanganywa. Pamoja naye alikuja Nyevu, mjane wa Fondo, kajifunga kanga mbili, mkononi mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama," Jedida akamwamkia Bi Kavata.

"Marahaba."

Nyevu akamgeukia Jedida, akamshika mikono yote miwili. "Hujambo, mwalimu?"

Mwalimu! Ndivyo Fondo alivyokuwa akimwita.

Wakaketi. Ziro akasimama mlangoni. Bi Kavata akafungua faili.

"Pampu iliyomuua, iko wapi sasa?"

"Imezimwa tangu siku ile," Bwana Nahashon akasema. "Hakuna wa kuiwasha. Jedida, mwonyeshe fyuzi."

Jedida akaitoa fyuzi kwenye bahasha, akaiweka mezani. Bi Kavata akaisogeza kando ya kalamu yake.

"Vema. Bwana Nahashon, Fondo alikuwa akija kazini saa ngapi?"

"Saa aliyopenda yeye."

"Beleshi na gambuti, vya nani?"

"Vyake."

"Angeweza kumtuma ndugu yake afanye kazi badala yake?"

"Hata jirani, mama. Mimi nilinunua chumvi iliyovunwa. Nani kaivuna, si shauri langu. Marehemu alikuwa mtu huru kabisa."

Alijibu vizuri, tena kwa huzuni ya kupendeza. Wakili wake wa mjini alikuwa amemfunda kama bwana harusi.

Nyevu akainua uso. "Huru? Siku mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Fondo aliomba ruhusa akanyimwa. Mtoto alimwona usiku, akirudi."

"Pole sana, mama," Bwana Nahashon akasema. "Lakini uchungu unatusahaulisha mambo."

Tone.

Bi Kavata akageuza shingo. "Nini kinavuja?"

"Hakuna kitu."

Tone. Tone.

Kila mtu chumbani alilisikia. Kitambaa cha maua kilikuwa kimelowa katikati, doa likashuka taratibu mpaka kwenye pindo, na pale sakafuni pakawa na kidimbwi kiasi cha kisahani. Jua lilikuwa likiwaka nje. Mvua haikunyesha Marereni tangu mwezi wa tano.

"Paa bovu hilo," Bwana Nahashon akasema.

Bi Kavata akainuka, akakiondoa kitambaa.

Akausoma ubao polepole. NJE. KAZINI. Akaugusa mlango wa wavu, akalitikisa kufuli.

"Mtu huru kabisa," akasema. "Na hili kufuli ni la kumfungia nani, Bwana Nahashon? Mtu anakuja saa aliyopenda, halafu anafungiwa wavu?"

"Hiyo ni... ni kwa usalama. Tujue nani yuko bwawani."

"Ahaa. Na leo nani yuko bwawani?" Akaona vibati vyote viko upande wa NJE isipokuwa kimoja. "Kumi na saba. Huyu ni nani?"

Nyevu akajibu, kwa sauti ndogo.

"Huyo ni mume wangu."

* * *

Hapa Bwana Nahashon akaona maji yamemfika shingoni, akatoa silaha yake. Akaufungua mkoba, akaulaza mkataba mezani, akaupangusa kwa kiganja.

"Bi Kavata, ubao ni ubao. Sheria inataka maandishi. Marehemu alikubali mwenyewe kuwa ni mkandarasi wa kujitegemea. Tarehe mosi Juni. Kidole chake hicho hapo. Na shahidi huyu hapa, karani wangu, mcha Mungu."

Bi Kavata akausoma mstari kwa mstari, akamwangalia Jedida juu ya miwani. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi, mama," Bi Kavata akamwambia Nyevu, na sauti yake ikapungua ukali, "karatasi hii inanifunga mikono. Ubao unaweza kuelezwa. Kidole cha mtu hakielezeki. Kama una neno, liseme sasa, maana nikiondoka hapa nitaandika mkandarasi, na wewe hutapata hata kifuta machozi."

Nyevu akauvuta mkataba. Hajui kusoma, hilo kila mtu alilijua. Lakini hakutazama maneno. Alitazama chini kabisa, pale penye alama ya zambarau, akatazama muda mrefu.

"Hiki si cha mume wangu," akasema.

Bwana Nahashon akacheka kidogo. "Mama, unazijua alama za vidole?"

"Sizijui. Namjua Fondo. Fondo aliacha kuweka kidole."

Akatia mkono kwenye mfuko wa nailoni, akatoa daftari la shule, jalada limekunjika kwa unyevu. Akalifungua mbele ya Bi Kavata. Ukurasa wa kwanza, Fondo, herufi zimelala kila upande. Ukurasa wa pili, Fondo. Wa kumi, Fondo, zimesimama wima kama watu wa gwaride.

"Tangu mwezi wa tatu akiambiwa weka kidole, anakataa. Hata kwa chifu alikataa, wakagombana. Alisema kidole ni cha mtu asiye na jina, yeye sasa analo." Akamgeukia Jedida. "Mwulizeni mwalimu wake. Ndiye aliyemfundisha."

Mwenyezi Mungu, jinsi Jedida alivyotamani sakafu ipasuke!

Alikuwa akijua. Tangu siku ile chumba cha pampu alijua kwamba kidole hicho ni uongo unaojionyesha wenyewe. Tajiri ndiye hakujua, maana tajiri hakuwahi kulifungua daftari la mahudhurio hata mara moja. Miezi mingapi Fondo alikaa naye saa ya chakula, kwenye benchi nje ya ofisi? Walimwaga chumvi kwenye sinia, wakaisawazisha, naye akaandika kwa kidole. Akikosea wanatikisa sinia, anaanza upya. Kwa kidole gumba hiki hiki, maana cha shahada kilikuwa kimepasuka kwa chumvi. Siku jina lilipotimia, alilibeba lile sinia kote mabwawani kuwaonyesha wenzake, akitembea kwa uangalifu lisimwagike.

Na yeye Jedida ndiye aliyekishika kidole kile kile, akakifanyia wizi.

"Bi Jedida," Bi Kavata akasema. "Ulimwona Fondo akiweka kidole hiki?"

"Jibu, binti yangu," Bwana Nahashon akasema. Macho yake yalimkumbusha watoto, ada, na jela.

Tone, likasema lile ubaoni.

Jedida akaufungua mkoba wake. Akakitoa kile kilichokuwa chini ya kanga, akakiweka mezani juu ya mkataba.

"Daftari la mahudhurio," akasema. "Tazama mwezi wa sita, tarehe mosi. Siku hiyo asubuhi ametia sahihi kwa jina lake. Na jioni kwa jina lake. Hakuna kidole."

"Jedida!"

"Niache, Mzee! Nimechoka!" Akaanza kulia, lakini hakunyamaza. "Kidole nilikibandika mimi, mama. Siku ile ya ajali. Alikuwa amelala sakafuni chumba cha pampu, ameshakufa. Nikamshika mkono, nikakichovya kwenye wino. Na hakuwa mkandarasi. Miaka sita ameingia hapa kabla ya saa moja, beleshi la kampuni, gambuti za kampuni, akiugua, nyapara anakwenda kumgongea mlango. Alikuwa mfanyakazi. Alikuwa mtu wetu. Niandikie mimi kosa langu, lakini usimwandike hivyo."

Bi Kavata hakuandika. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

Kila mmoja alingoja Nyevu apige ukemi. Hakupiga. Alikuwa akimtazama Jedida kwa makini, kama anayejaribu kukumbuka kitu.

"Mwalimu," akasema. "Nikuulize. Ulipomshika, kidole chake kilikuwa baridi?"

Jedida akakitazama kiganja chake.

Akakifunga.

Kidole kile kilikuwa na joto. Wiki tatu amejiambia lilikuwa joto la mabati, kile chumba ni tanuri, kila kitu mle ndani kina joto. Wiki tatu amekinawa kiganja chake kwa ndimu na majivu. Sasa, mbele ya macho haya makavu, akakumbuka vizuri. Kidole kilikuwa na joto, na kililegea, na alipokibandika kwenye karatasi, kilibonyeza.

"Hakikuwa baridi," sauti ikasema mlangoni.

Ziro. Kofia ilikuwa imemwanguka.

"Nyamaza, Ziro!" Bwana Nahashon akasimama.

"Nimenyamaza vya kutosha, Mzee. Mlipotoka na karatasi yenu uliniambia nikamfunike turubali. Nikaingia. Nikainama. Akanishika gambuti." Ziro akameza mate. "Akaomba maji. Nikakimbilia mtungi. Niliporudi alikuwa amekata roho. Lakini kabla sijatoka aliniambia neno. Aliniambia, 'Nyapara, usikitoe kibati changu. Narudi.'"

Jedida akageuka kukitazama kibati.

"Ndiyo maana nikawa nakitundika," Ziro akasema. "Nilimwahidi. Juzi ni mimi. Jana ni mimi. Leo, naapa kwa Mulungu, sikukigusa. Kilikuwa kwenye droo, na ufunguo anao Bi Jedida."

Bi Kavata akavua miwani. "Daktari mlimwita saa ngapi?"

Ziro akatikisa kichwa.

Hapo ndipo waliposikia. Kwanza kikohozi, mbali, upande wa bwawa la nne. Kisha kikohozi cha pili. Kisha mngurumo, mzito, wa kupanda na kushuka, na sauti ya maji yakiporomoka kwenye mfereji mkavu. Nje wale wanaume thelathini wakainuka wote kwa pamoja.

Pampu ilikuwa ikifanya kazi.

Macho yote yakarudi mezani. Fyuzi ilikuwa pale pale, kando ya kalamu ya Bi Kavata.

Bwana Nahashon akaketi bila kutafuta kiti, akaishia sakafuni, ndani ya kidimbwi. Nyevu peke yake hakushtuka. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akamsogelea mpaka akasimama juu yake.

"Bwana Nahashon," akasema, "wewe umesema mume wangu hakukufanyia kazi. Basi huyo anayekuvutia maji ni nani?"